Zamu ya Kusema: Nguzo Mama na Faraja ya Wenye Dhiki Moja

1. Utangulizi

Tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando ilichapwa Dar es Salaam mwaka 1982. Tangu wakati huo imezoeleka kusomwa kama tamthilia ya ukombozi wa mwanamke, na usomaji huo una haki yake. Ilitoka katikati ya Mwongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa, 1976 hadi 1985, katika nchi ambayo tayari ilikuwa na Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, ulioundwa mwaka 1962. Msomaji anayekutana na wanawake wa kijiji cha Patata, wakijaribu kuisimamisha nguzo iliyolala chini nao wakishindwa, hawezi kukosa kuiona nguzo hiyo kuwa ni hadhi ya mwanamke, na kushindwa kwao kuwa ni hukumu juu ya maazimio yasiyotimizwa.

Makala haya hayakusudii kuupinga usomaji huo. Yanakusudia kuuliza swali jingine, ambalo mtu anayeisoma tamthilia hii akiwa Bunia hulazimika kuliuliza: kwa nini wanawake hawa, ambao shida zao zinafanana kiasi hicho, hawafarijiani? Kuisimamisha nguzo ni kazi kubwa, na mtu anaweza kusamehewa kwa kutoiweza. Lakini kumsikiliza mwenzako aliyefikwa na yaliyokufika wewe huonekana kuwa ni jambo jepesi, tena la kawaida ya binadamu. Patata haliwezekani. Kwa nini?

Jibu tunalolitetea hapa ni kwamba kufanana kwa dhiki, peke yake, hakuleti faraja. Humpa mtu haki ya kusema, lakini hakumpatii nafasi ya kusikiwa. Nafasi hiyo huletwa na zamu, yaani utaratibu ambao kila mmoja anaujua na ambao unawalazimu wengine kunyamaza kwa muda. Tutaanza na lugha yenyewe, kisha tutaiangalia tamthilia, tutailinganisha na diwani moja iliyotungwa gerezani, na baadaye tutarudi Ituri, ambako suala hili si la darasani tu.

2. Kufariji na kufarijiana

Sehemu kubwa ya fasihi yetu ya kale huiweka nasaha, na faraja pamoja nayo, mdomoni mwa aliye juu. Katika utenzi wake wa mwaka 1858, Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, anamwachia binti yake wasia. Shaaban Robert katika Utenzi wa Adili anamwelekeza mwanawe, na katika Utenzi wa Hati anamwelekeza bintiye. Al-Inkishafi inafuata njia nyingine: mshairi anausemeza moyo wake mwenyewe. Tunazo basi nafasi mbili zilizozoeleka sana, ya mkubwa anayemwambia mdogo, na ya mtu anayejiambia. Nafasi ya tatu, ya watu wa rika moja wa mashaka, wasio na mkubwa kati yao, imechorwa kwa uchache zaidi.

Sarufi, hata hivyo, inaijua vyema nafasi hiyo ya tatu. Tunaposema kwamba mtu amemfariji mwenzake, sentensi ina mtendaji na mtendewa, na kila mmoja ana kiambishi chake. Mmoja anatoa, mwingine anapokea. Tunaposema kwamba watu wamefarijiana, mtendewa anatoweka mahali pake pa zamani na kuingia ndani ya kiambishi cha mtendaji. Mtoaji na mpokeaji wanakaa pamoja katika silabi moja, wa-, na hakuna dalili ya nani alianza wala ya nani alikuwa na hali mbaya zaidi.

Lakini kiambishi -an- kina jambo ambalo vitabu vya sarufi hulitaja kwa haraka. Vitenzi vyote vya kutendana havitendeki kwa namna moja. Watu wawili wanaweza kupigana kwa wakati uleule, kila mmoja akipiga na kupigwa. Wanaweza kukumbatiana kwa wakati mmoja. Hawawezi kusikilizana kwa wakati mmoja, kwa sababu wakisema wote wawili, hakuna anayesikia. Ili kusikilizana kuwepo, kitendo hakina budi kukatwa vipande na vipande hivyo kupangwa: sasa mimi, baadaye wewe. Kiswahili kina kitenzi kinachotaja mpango huo waziwazi, nacho ni kupokezana. Watu hupokezana mzigo, hupokezana lindo, hupokezana kaulisemi. Hoja yetu ni kwamba kufarijiana ni kitenzi cha aina ya kupokezana, si cha aina ya kukumbatiana. Anayeamini kwamba wenye dhiki wakikusanywa mahali pamoja watafarijiana papo hapo, amekosea aina ya kitenzi.

3. Patata: shida moja, wasemaji wengi

Turudi kwa Muhando. Wanawake wa Patata hawana majina ya kawaida. Wanaitwa kwa hesabu: Bi Pili, Bi Nne, Bi Saba na wenzao. Mbele yao anasimama Bi Msimulizi, ambaye hutuunganisha na mapokeo ya ngano na kutueleza habari za kijiji. Kazi ya wanawake ni moja, kuisimamisha nguzo. Vizuizi vyao ni vingi: umaskini unaowalazimu kuhangaikia biashara ndogondogo, waume walevi na wenye mkono mwepesi, masengenyo, wivu, na uchovu wa kazi za nyumbani zisizo na mwisho. Mmoja wao anafiwa na mume, na jamaa za marehemu wanazichukua mali za nyumba. Kila shida inapotokea, mwanamke inayemhusu huondoka nguzoni kwenda kukabiliana nayo, na mkono mmoja hupungua.

Majina haya ya hesabu yanaweza kulaumiwa kwamba yanawafanya wahusika kuwa vielelezo badala ya watu. Lawama hiyo tutairudia mwishoni. Kwa sasa tuitazame namba kwa jicho jingine. Namba za mpangilio ndizo namba za zamu. Wa pili huja baada ya wa kwanza, na wa nne hungoja wa tatu amalize. Muhando amewapa wanawake wake majina ambayo yenyewe ni foleni, kisha akawaweka katika kijiji ambamo hakuna anayeingoja foleni hiyo. Mikutano yao inavunjika kwa magomvi. Wanapozungumza juu ya nguzo, wanazungumza juu ya nani amechelewa, nani mvivu, nani anajiona. Kila mmoja ana dhiki yake na kila mmoja anaijua dhiki ya jirani, kwa kuwa kijijini hakuna siri, lakini kujua huko ni kwa masengenyo. Habari ya mwenzako unaisikia kwa mtu mwingine, wakati mwenyewe hayupo.

Tofauti kati ya kuijua dhiki ya mtu na kuisikia kutoka kwake ndiyo, kwa maoni yetu, mhimili wa tamthilia hii. Anayesikia kila kitu ni hadhira. Sisi tuliokaa vitini tunamfuata kila mwanamke hadi nyumbani kwake na tunamwona akipigwa, akinyang'anywa, akilia. Wenzake hawamwoni hivyo. Kwao yeye ni mkono uliotoroka nguzoni. Muhando ametupa sisi usikivu ambao amewanyima wahusika, na uchungu wa kutazama Nguzo Mama hutokana na kujua kwamba wote wanane wangetosha kusaidiana, iwapo tu wangejua tunayoyajua.

Ndiyo maana hatukubaliani na anayesema kwamba tamthilia hii inakata tamaa. Nguzo haisimami hadi mwisho, ni kweli. Lakini mwandishi hasemi kwamba haiwezi kusimama. Anaonyesha mpangilio uliovurugika: walianza na nguzo kabla ya kuanza na wao kwa wao. Kazi ya pamoja ilitangulia mazungumzo ambayo yangewafanya wawe pamoja.

4. Mfungwa na ndugu wawili

Ili tuone kwamba zamu si suala la kupanga mikutano tu, tuitazame hali iliyo kinyume kabisa cha Patata, yaani hali ya mtu asiye na mwenzi hata mmoja. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, Kenya: Twendapi?, na akakaa kifungoni miaka 3, muda mwingi akiwa ametengwa peke yake. Mashairi aliyoyatunga humo, mengine yakiandikwa kwenye karatasi za chooni, yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki.

Mtu angetarajia kwamba diwani ya aliyetengwa ingefuata njia ya Al-Inkishafi, mtu na moyo wake. Mengine yako hivyo. Lakini mojawapo ya mashairi yake mashuhuri zaidi, Mnazi: Vuta N'kuvute, ni majibizano ya ndugu wawili juu ya mnazi. Wahakiki wamelisoma kama fumbo la nchi na wanaogombea matunda yake, nasi hatuna ugomvi na usomaji huo. Tunachotaka kukionyesha ni umbo lake. Mtu aliyenyimwa msikilizaji alitunga shairi la watu wawili wanaopokezana kauli, na akampa kila mmoja nafasi yake. Katika chumba ambamo hakuna aliyeweza kumjibu, aliunda zamu.

Mapokeo ya kujibizana, ambayo Waswahili wa pwani wameyalea kwa karne nyingi katika ngoma na katika mashairi, yana hekima ambayo haijaelezwa vya kutosha. Yanamruhusu mtu kuwa na uchungu, hata na hasira, kwa sharti kwamba akifika mwisho wa ubeti wake anyamaze. Dhiki inapewa mipaka. Haikatazwi, wala haiachwi ijaze nyumba nzima. Wanawake wa Patata, kwa wingi wao wote, hawana kitu ambacho mfungwa mmoja alikuwa nacho, yaani kanuni inayowaambia mahali pa kusimama ili sauti nyingine iingie.

5. Ituri: sanduku la kufuli tatu

Msomaji anaweza kuuliza haya yote yanaihusu Bunia kwa namna gani. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 viliua makumi ya maelfu ya watu na kuwahamisha wengine zaidi ya nusu milioni. Mwaka 2003 mji wa Bunia ulipigania uhai wake hadi jeshi la Ulaya la operesheni Artemis likaingia mwezi Juni. Tangu mwisho wa 2017 machafuko yaliwaka upya wilayani Djugu, na usiku wa tarehe 1 Februari 2022 watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo. Kambi za waliohama zimeota hata mjini, Kigonze na kwenye uwanja wa Taasisi ya Juu ya Ualimu. Wanafunzi wanaoingia madarasani mwetu wamezaliwa ndani ya historia hii. Kwao swali la namna watu wanavyofarijiana halitoki kitabuni.

Mji wetu umejibu kwa vikundi, na vingi vya vikundi hivyo ni vya wanawake. Shirika la SOFEPADI lilizaliwa mwaka 2000, vita vikiendelea, na likaanzisha mjini kituo cha tiba kwa waliobakwa na wanawake wengine, kinachoitwa Karibuni wa Mama. Mtu wa Kiswahili sanifu angesema akina mama. Jina lilivyo ni la Kiswahili chetu, na mama mgeni anayetoka Djugu au Irumu akilisikia anajua kwamba huko ataongea lugha anayoijua. Tunalitaja jina hili kwa sababu ni tendo la lugha kabla ya kuwa anwani: limewekwa katika wingi. Anayefika peke yake, na aibu yake, anakaribishwa kama mmoja wa wengi.

Lakini kikundi kilichoenea zaidi, na kilicho kikongwe kuliko mradi wowote, ni likelemba. Kila juma au kila mwezi kila mwanachama huchanga kiasi kilekile, na mmoja huchukua chote. Mwingine huchukua safari ijayo, hadi mzunguko utimie. Watu huulizana kwa Kifaransa kilichokwisha kuwa chetu: ni tour ya nani? Pembeni yake siku hizi kuna vikundi vya akiba na mkopo, ambavyo mfumo wake ulianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE. Vina wanachama kama 15 hadi 25, sanduku lenye kufuli 3 ambazo funguo zake hushikwa na watu 3 tofauti, na mfuko wa pembeni kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Atakayechelewa hutozwa faini, na atakayevuruga kikao vilevile.

Mgeni huona hapo fedha tu. Mwenye kusikiliza vizuri huona shule ya zamu. Mwanamke ambaye kwa miezi mingi amekaa akiona fedha yake inaingia mkononi mwa mwenziwe, naye akiamini kwamba siku yake itafika, amejifunza jambo ambalo Patata halikujifunza. Amejifunza kungoja bila kuhofu kwamba amesahauliwa. Na mwenzake anapofiwa, akaombewa nafasi ya mbele ili azike, na kikundi kikakubali kugeuza mpangilio, zamu imeonyesha uso wake wa pili: ni kanuni inayoweza kulegezwa kwa huruma bila kuvunjika. Maneno kama poleni na tuko pamoja, ambayo katika vinywa vya wengi yamechakaa, hapo yanapata uzito kwa sababu yanasemwa na mtu aliyekwisha kulipa.

Utafiti wa kitabibu unatoa ushahidi wa kusaidia, ingawa si wa moja kwa moja. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa matokeo ya kazi iliyofanywa mashariki mwa Kongo na wanawake waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Baadhi walipata tiba katika vikundi vidogo vyenye vikao vilivyopangwa, na wengine walisaidiwa mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba, waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi katika vikundi walikuwa asilimia 9, na miongoni mwa waliosaidiwa mmoja mmoja walikuwa asilimia 42. Tusilazimishe hesabu hizi ziseme zaidi ya zinavyosema. Vikundi viliongozwa na wasaidizi waliofunzwa, na tiba yenyewe ilikuwa tofauti, wala si idadi ya watu chumbani tu. Lakini walau zinatuonyesha kwamba siri nzito kama ile, ambayo tungedhani haisemeki ila sikioni mwa mmoja, inaweza kusemwa mbele ya wenzi ikiwa kikao kina utaratibu.

Kuhusu haki ya kusema inayotokana na kufanana, mfano mzuri ulitokea wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoikumba Kivu ya Kaskazini pamoja na Ituri, ikawapata watu 3,470 na kuua 2,287. Waliopona walipewa kazi ya kuwabeba na kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wametengwa hospitalini, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga. Maneno ya aliyepona yalisikika pale ambapo ya daktari aliyevaa kinyago hayakusikika. Hilo ndilo linaloletwa na kufanana. Hata hivyo, waliopona nao walihitaji kikao chao, mahali pa kuzungumzia waliowazika na majirani waliowakimbia. Mwenye kufariji anahitaji zamu yake ya kufarijiwa.

6. Hatari ya duara

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo, kwa kulisifu duara la wenzi. Uaminifu kwa mahali petu hauturuhusu. Duara lina ndani na nje. Watu waliofikwa na dhiki moja Ituri mara nyingi wamefikwa nayo kwa sababu ya kabila lao, na kambi wanazokimbilia huwa na watu wa upande mmoja. Kikundi cha wenye dhiki moja kinaweza basi kuwa mahali ambapo hadithi ileile husimuliwa kwa masikio yaleyale hadi ikawa ngumu kama jiwe. Wanachama hufarijika, na wakitoka nje wamekuwa tayari kurusha jiwe hilo.

Historia ya lugha inatukumbusha hili kwa ukali. Wahema wa kaskazini, waitwao pia Wagegere, husema Kilendu. Pande mbili zilizohesabiwa kuwa maadui katika vita vya 1999 hadi 2003 zilikuwa, kwa sehemu kubwa, na lugha moja. Kama kufanana kungetosha, kufanana kwa lugha kungezuia mengi. Hakukutosha. Lugha ya pamoja iliwawezesha kuelewana, haikuwapa utaratibu wa kusikilizana.

Hapa ndipo majina ya hesabu ya Muhando yanapopata maana ambayo huenda mwandishi mwenyewe hakuikusudia. Katika Bunia jina humfichua mtu. Jina la ukoo hutaja upande. Hata njia yetu ya heshima ya kumwita mwanamke, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama wa fulani, inaweza kuwa jeraha: aliyempoteza mtoto huyo huitwa kwa jina la marehemu kila siku sokoni. Tukijaribu kuipeleka Nguzo Mama katika ua wa Bunia, Bi Nne na Bi Saba hawana kabila, na hawana mtoto wa kumtaja. Wana nafasi tu katika foleni. Kikundi ambamo mtu anaweza kuwa wa nne kabla ya kuwa wa upande fulani ni kikundi ambacho adui wa jana anaweza kukaa ndani yake akawa wa tano. Kinachoonekana katika kitabu kama upungufu wa uhai wa wahusika, kwetu kinaweza kuwa ni hifadhi.

Wala tusidhani kwamba ni jambo la kinadharia. Likelemba ya soko mara nyingi huwachanganya wauzaji wa makabila mbalimbali, kwa sababu kinachowaunganisha ni meza zilizo jirani. Duara la meza ni pana kuliko duara la msiba. Tungependa kuona vikundi vya faraja vinavyoanzia kwenye meza, vikifika kwenye msiba baadaye.

7. Kutoka nguzo hadi Tuseme

Turudi sasa kwenye lawama tuliyoiahirisha. Ni kweli kwamba Muhando amewafanya wanawake wake kuwa vielelezo. Msomaji anamkumbuka mjane, aliyepigwa, mfanyabiashara, lakini hamkumbuki mtu mwenye namna yake ya kucheka. Kwa tamthilia inayodai kwamba tatizo ni kutosikilizana, hii ni kasoro halisi, kwa sababu hata hadhira inasikia aina ya dhiki kuliko sauti ya mtu. Kielelezo hakiwezi kufarijiwa. Hufarijiwa mtu. Majina ya hesabu yanayoweza kuwa hifadhi katika kikundi halisi, ambamo kila namba ina uso na sauti yake, jukwaani yanahatarisha kubaki namba tupu. Kasoro hii hatuoni sababu ya kuificha.

Lakini mwandishi hakusimama hapo, na njia yake ya baadaye ni uhakiki bora wa tamthilia hii kuliko wowote tunaoweza kuuandika. Katika mwaka 1982 na 1983 alishiriki katika sanaa za maonyesho kwa maendeleo kijijini Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji wenyewe walichambua matatizo yao, wakayatungia michezo na kuyajadili. Mwaka 1991, kwa jina la Penina Muhando Mlama, alitoa kitabu juu ya njia hiyo barani Afrika. Na mwaka 1996, pamoja na Amandina Lihamba na idara yao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianzisha mpango kwa wasichana wa shule za sekondari, ambao wanakaa kwa vikundi, wanataja yanayowasibu, na kuyaonyesha kwa mchezo. Mpango huo baadaye ulienezwa na FAWE katika nchi nyingine za Afrika.

Jina la mpango huo ni Tuseme. Mwanaisimu hawezi kulipita bila kusimama. Nguzo Mama ni nomino mbili zilizobanana, kitu kizito kilicholala kinachongoja kuinuliwa. Tuseme ni kitenzi katika nafsi ya kwanza wingi, na katika dhamira tegemezi, yaani hali ya jambo ambalo bado halijatendeka lakini linaombwa litendeke. Ndani yake hamna mkubwa na mdogo. Anayelitamka anajiingiza yeye mwenyewe katika kazi anayoialika. Miaka 14 inatenganisha majina haya mawili, na ndani ya miaka hiyo mwandishi alihama kutoka kuwaonyesha watu nguzo iliyoanguka hadi kuwapa wasichana zamu ya kusema.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Nguzo Mama, pamoja na mengine yaliyokwisha kuelezwa na wahakiki waliotutangulia, ni tamthilia ya kikundi kilichokosa zamu. Wanawake wa Patata hawakosi huruma kwa asili yao, wala hawakosi sababu za kuhurumiana. Wanakosa kanuni ya kuigeuza dhiki ya mmoja iwe shughuli ya wote kwa muda maalumu, kisha ya mwingine. Mfungwa wa Sauti ya Dhiki aliiunda kanuni hiyo kwa kalamu. Wamama wa likelemba wanaiunda kila juma kwa noti zilizochakaa.

Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili katika mji huu kuna wajibu unaofuata. Miradi inapokuja Bunia na maneno yake ya Kifaransa juu ya vikundi vya maongezi na msaada wa nafsi, huomba yatafsiriwe, na mara nyingi hutafsiriwa kwa haraka na kwa kitenzi cha mtendaji na mtendewa: kuwafariji waathirika, kuwasaidia wanawake. Lugha hiyo humrudisha kila mtu katika nafasi ya wasia, mmoja juu na mwingine chini. Mtafsiri mwenye uangalifu angeuliza kwanza kama kinachofanyika ni kufariji au ni kufarijiana. Iwapo ni kufarijiana, maelekezo hayana budi kutaja nani anaanza, anasema kwa muda gani, nani anafuata, na nini kinafanyika kwa yule anayepitisha zamu yake kwa kuwa leo hana la kusema.

Huyo wa mwisho Muhando hakumchora, lakini vikundi vyetu vinamjua vizuri. Anakuja, anakaa, anachanga kilicho chake, hasemi. Kikundi kizuri humwandikia jina mahali pake na kuendelea na anayefuata, na juma lijalo humuuliza tena.